Jinsi ya kulinganisha FDI (mtaji wa wawekezaji wa nje) ya nchi mbili bila kuingizwa chaka: Tanzania na Uganda kama mfano

Hapa Tanga tangu habari za bomba la mafuta zipambe moto kila kijiwe cha kahawa kina mchumi wake. Mmoja anasema Uganda wanatuacha mbali kwa wawekezaji, mwingine anamkatalia, bomba lenyewe karibu lote liko kwetu, kilomita 1,443 kutoka Hoima kule Uganda mpaka Chongoleani hapa Tanga na 1,147 kati ya hizo ziko ardhi ya Tanzania, sasa Uganda wanatuachaje? Kila mtu ana namba kwenye simu yake na cha ajabu namba zote zinaweza kuwa za kweli, shida ni kwamba moja ni ahadi, nyingine ni mkopo, nyingine ni ya mwaka mmoja tu, na hazikutakiwa kukaa meza moja.

Kwa hiyo huu mwongozo ni kwa yeyote anayetaka kuifanya hii kazi vizuri, uwe mwanafunzi wa chuo unaandika ripoti, mtangazaji wa redio au mbishi tu wa kijiweni unayetaka kushinda ubishi kihalali. Unahitaji laptopu ya kawaida, eksel (au programu yoyote ya majedwali), bando la kudaunilodi mafaili mawili matatu madogo, na subira. Nitatumia Tanzania na Uganda kwa sababu ndizo tunazobishania huku, lakini njia ni ileile ukitaka kulinganisha Kenya na Ethiopia au Ghana na Senegal.

Kwanza jua unahesabu nini

Watu wengi wanaruka hapa na ndiyo maana wanapotea. FDI ni pale mtu au kampuni ya nje inapoweka mtaji kwenye biashara iliyo ndani ya nchi yako na kupata sauti kwenye uendeshaji wake, na mpaka unaokubalika kimataifa ni umiliki wa asilimia 10 ya kura au zaidi. Chini ya hapo hiyo ni hisa tu za kawaida, inaandikwa sehemu nyingine. Na ndani ya FDI kuna mafungu matatu: mtaji wa hisa, faida ambayo mwekezaji ameiacha ndani ya kampuni badala ya kuitoa, na mikopo ambayo kampuni mama inaikopesha kampuni yake ya huku.

Lile fungu la pili wengi hawalijui. Kampuni ya bia au ya simu ikipata faida mwaka huu na isiigawe yote kwa wenye hisa wa nje, ile iliyobaki inahesabika kama FDI mpya japo hakuna hata senti moja iliyovuka mpaka. Kwa hiyo nchi yenye makampuni mengi ya kigeni ya zamani yanayopata faida inaweza kuonekana inaingiza mtaji kila mwaka bila mwekezaji hata mmoja mpya kushuka kwenye ndege.

Sasa angalia vitu ambavyo SIO FDI lakini kila siku vinatajwa kama FDI. Bandari yetu ya Tanga imechimbwa na kupanuliwa, kazi ya zaidi ya shilingi bilioni 429, mkandarasi China Harbour, watu wakaona Wachina na mitambo wakasema uwekezaji wa China umefika. Hapana bana. Hela ile ni ya serikali yetu kupitia Mamlaka ya Bandari, Mchina pale ni fundi analipwa. Reli ya SGR vilevile, Yapi Merkezi wa Uturuki alijenga kipande cha Dar mpaka Morogoro kama mkandarasi, na mikopo ya serikali kwa ajili ya reli inaandikwa kwenye mikopo. Hela anayotuma shangazi kutoka Oman sio FDI, msaada wa wafadhili sio FDI. Lakini mgeni aliyefungua hoteli yake ufukweni kule Pangani, huyo ndiye, hata kama hoteli ina vyumba sita.

Kuna mtego mwingine mzuri na mfano uko hapahapa Pongwe. Kiwanda cha Tanga Cement, saruji ya Simba, kilikuwa na mwenye hisa mkubwa AfriSam, asilimia 68.33, na mwaka 2023 hisa zile zikaenda kwa Scancem ambayo ni kampuni tanzu ya Heidelberg Materials ya Ujerumani. Magazeti yakaandika mabilioni. Ukitazama kwa jicho la FDI, mgeni ameuza kwa mgeni, mmoja katoka mwingine kaingia, kwa nchi inakaribia sifuri. Baadaye Amsons, kundi la Watanzania, likachukua hisa nyingi za kiwanda kile. Hapo mgeni amemuuzia mwenyeji, na kwenye vitabu hiyo ni FDI inayotoka, inapunguza namba ya mwaka huo, ingawa kiwanda kipo palepale na moshi unatoka kama kawaida.

Na ndiyo maana mwaka mwingine nchi inaweza kuwa na FDI hasi kabisa. Ukikuta alama ya kutoa kwenye jedwali usiifute ukidhani ni kosa la uchapaji, maana yake wageni waliouza na kutoa, au kampuni zilizolipa mikopo kwa mama zao, wamezidi walioingiza.

Ahadi usiziweke kwenye jedwali

Nenda Bagamoyo ukaulize habari za bandari ya Mbegani. Makubaliano ya mwanzo na kampuni ya China Merchants yalisainiwa 2013, wakati Rais Xi Jinping alipokuja, mfuko wa serikali ya Oman nao ukaingia, namba iliyokuwa inatajwa ni dola bilioni 10. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Halafu 2019 mradi ukasimama, Rais Magufuli akasema masharti yake hayakubaliki. Mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yatafufuliwa. Sasa fungua takwimu za FDI za Tanzania mwaka wowote unaotaka, utafute hizo bilioni 10. Hazipo, kwa sababu takwimu zinaandika kilichoingia, hazijali kilichopigiwa makofi.

Hili ndilo kosa nambari moja kwenye magazeti yetu na ya Uganda pia: kuchukua namba ya miradi iliyosajiliwa na kuilinganisha na namba ya mtaji ulioingia. TIC, kituo chetu cha uwekezaji, ambacho sasa kimeunganishwa na EPZA (mamlaka ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje) kikawa TISEZA, kilitangaza kusajili miradi 901 ya dola bilioni 9.3 kwa mwaka 2024. Ni namba halali, ila ndani yake kuna wawekezaji wa ndani, kuna wa ubia, na thamani yenyewe ni ya mradi mzima kama utajengwa wote, labda kwa miaka mitano au kumi, labda usijengwe. Kule Uganda wana mamlaka yao ya uwekezaji tangu 1991 nayo inatoa leseni na kutangaza thamani hivyohivyo. Ukichukua leseni za huku ukalinganisha na mtaji ulioingia kule, Tanzania itashinda mara kadhaa na utakuwa umelinganisha posa na ndoa.

Kama unataka kutumia ahadi zitumie, lakini pande zote mbili ziwe ahadi, na kichwa cha grafu kiseme hivyo.

Data zinapatikana wapi

Sehemu mbili zinatosha. UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, wana hifadhi yao ya takwimu, inaanzia 1970, na kila mwaka, mara nyingi mwezi wa sita, wanatoa ripoti ya uwekezaji duniani yenye majedwali ya kila nchi. Benki ya Dunia wana ukurasa wao wa viashiria, unatafuta kwa msimbo (code): BX.KLT.DINV.CD.WD ni FDI inayoingia kwa dola, na BX.KLT.DINV.WD.GD.ZS ni ileile kwa asilimia ya pato la taifa. Tanzania ni TZA, Uganda ni UGA. Zote bure.

Chagua moja ubaki nayo kwa nchi zote mbili. Tanzania kutoka UNCTAD na Uganda kutoka Benki ya Dunia ni marufuku, na sio suala la nani mkweli, wanapanga hesabu tofauti. UNCTAD wanafuata mwelekeo wa mwekezaji, yaani kampuni ya huku ikimkopesha mama yake wa nje, mkopo ule unapunguzwa kwenye FDI iliyoingia. Benki ya Dunia wanachukua za IMF ambazo zimepangwa kwa mali na madeni, kwa hiyo mkopo kama ule unahesabiwa upande mwingine. Kwa nchi zetu tofauti mara nyingi sio kubwa sana lakini kuna miaka inaonekana.

Halafu angalia vipimo, hili dogo limewaumbua wengi. Jedwali la UNCTAD liko kwa mamilioni ya dola, la Benki ya Dunia liko kwa dola zenyewe na sifuri zake zote. Ukiona nchi yako imeizidi nyingine mara milioni moja usiite waandishi wa habari.

Na kwenye ile orodha ya Benki ya Dunia kuna kiashiria kingine kinafanana sana na hicho, msimbo wake BN.KLT.DINV.CD, hiki kimepunguza FDI iliyokwenda nje na ishara yake iko kinyume na unavyotegemea, nchi inayopokea mtaji mwingi inaonekana hasi. Ukikuta Uganda ina hasi kubwa miaka yote jua umedaunilodi faili ambalo silo.

Benki kuu zetu mbili nazo zina data, tena za kina zaidi, kwa sekta na nchi zinakotoka. BoT wakishirikiana na ofisi ya takwimu na kituo cha uwekezaji wanafanya utafiti wa makampuni, wanapeleka dodoso, ndizo ripoti za uwekezaji Tanzania. Hizo zitumie kuelezea, ila kwa kulinganisha kaa na chanzo kimoja cha kimataifa. Tena angalia mwaka wao, nchi zote mbili mwaka wa serikali unaanza Julai, ukikuta jedwali la 2018/19 huwezi kulibandika kwenye 2019. Tafuta za robo mwaka ujumlishe robo nne za Januari mpaka Desemba.

Jambo la mwisho hapa: takwimu za FDI zinarekebishwa. Dodoso zinarudi kwa kuchelewa, makampuni yanasahihisha, namba ya mwaka jana uliyoisoma mwaka jana sio lazima uikute ileile leo, na marekebisho yanaweza kuwa makubwa. Kwa hiyo faili likishuka liandike jina na tarehe ya kudaunilodi, na usichanganye namba za ripoti ya 2018 na za ripoti ya 2024 kwenye safu moja.

Kupanga jedwali

Miaka kwenye kolamu A, Tanzania B, Uganda C. Anzia 1990. Ukiweza anza 1970 ila utaona miaka ya mwanzo ni kama jangwa na sababu zinajulikana: Azimio la Arusha la 1967 lilitaifisha mabenki, mashamba ya mkonge huku kwetu, viwanda; Uganda Amin akawafukuza Waasia 1972. Namba ndogo za miaka ile ni historia, hazihitaji fomula. Kuanzia miaka ya 90 ndipo milango inafunguliwa, Uganda na sheria yake ya uwekezaji ya 1991, Tanzania Breweries inabinafsishwa kwa Wasauzi 1993, sheria iliyoanzisha TIC 1997.

Kolamu D na E weka idadi ya watu, F na G pato la taifa kwa dola, vyote utavipata kwenye ukurasa uleule wa Benki ya Dunia. Usijaze seli tupu kwa kubuni. Kama mwaka hauna namba acha wazi, maana ukiandika sifuri eksel itaihesabu kama sifuri na wastani wako umekwisha.

Chora grafu ya laini ya B na C kabla hujafanya hesabu yoyote. Iangalie tu. Utaona milima na mabonde, na macho yako yatakuambia mapema kwamba swali la nani anapata zaidi halina jibu moja, kuna miaka Tanzania iko juu na miaka Uganda imepita.

Kuziweka kwenye mzani mmoja

Dola tupu zinapendelea nchi kubwa. Chukua 2013, Tanzania ilikuwa na kama bilioni 2 na Uganda kama bilioni 1.1 (naviringisha, wewe tumia za faili lako). Kwa haraka Tanzania ni karibu mara mbili. Sasa gawa kwa watu: sensa yetu ya 2012 ilikuwa watu milioni 44.9, ya Uganda ya 2014 milioni 34.6. Tanzania inatoka kama dola 45 kwa kichwa, Uganda kama 32. Bado tuko mbele ila ile mara mbili imeyeyuka. Ukija 2022 na 2023 Uganda ilikuwa karibu bilioni 3 kwa mwaka, na sensa yao ya 2024 ni watu milioni 45.9, hiyo ni kama dola 65 kwa kila Mganda, wakati Tanzania hata ukiipa bilioni 2 kamili na watu wa sensa ya 2022, milioni 61.7, unapata dola 32. Kwa hiyo pengo la miaka hii ukilitazama kwa kichwa ni kubwa kuliko linavyoonekana kwa dola tupu, na lile la 2013 lilikuwa dogo kuliko lilivyoonekana. Hesabu ni kugawa tu, lakini inabadilisha habari yote.

Asilimia ya pato la taifa ndiyo inayotumika zaidi na ni nzuri, ila ina ugonjwa wake. Pato la taifa linapimwa upya kila baada ya miaka kadhaa, Tanzania ilihamia mwaka wa kizio (ule ambao bei zake zinatumika kupimia) 2007 halafu 2015, na ile ya kwanza ilipotangazwa 2014 uchumi ulikua ghafla kwa zaidi ya robo kwenye karatasi. Uganda nao wakahamia 2016/17. Ukichukua asilimia kutoka ripoti ya zamani na nyingine ya sasa, FDI itaonekana imeporomoka kumbe kilichobadilika ni kigawanyo. Dawa ni ileile, faili moja, tarehe moja.

Mfumuko wa bei wa dola nao usiusahau kama unaenda miaka mingi nyuma. Dola ya 2013 sio ya 2023. Chukua faharasa ya bei za Marekani, 2013 ni kama 233 na 2023 ni kama 304.7, gawa ya pili kwa ya kwanza unapata 1.31. Kwa hiyo ile bilioni 2 yetu ya 2013 kwa bei za 2023 ni bilioni 2.6. Watu wanaosema tunakaribia kurudi kwenye kilele chetu cha zamani wanasahau kwamba kilele chenyewe nacho kimepanda. Ukitumia asilimia ya pato la taifa hii huihitaji, imeshajirekebisha juu na chini.

UNCTAD walianzisha kipimo kingine nakipenda, unachukua sehemu ya nchi kwenye FDI ya dunia nzima unagawa kwa sehemu yake kwenye pato la dunia. Ikitoka 1 nchi inapata inayolingana na ukubwa wake, zaidi ya 1 inavuta kuliko ukubwa wake. Uzuri wake ni kwamba miaka kama 2009 na 2020 ambayo dunia yote ilikauka haikuonei, unaona kama nchi yako ilianguka peke yake au ilianguka na wenzake.

Mwaka mmoja ni mradi mmoja

Hapa ndipo pazito. FDI ya nchi kama zetu haiendi kama mshahara, inakuja kwa mikupuo, mgodi mmoja au kisima kimoja cha gesi kinaweza kuinua mwaka mzima. Kwa hiyo tengeneza wastani unaotembea wa miaka mitatu au mitano. Kama data zinaanzia B2, kwenye mstari wa nne wa kolamu mpya andika =AVERAGE(B2:B4) uburute mpaka chini, na Uganda hivyohivyo. Mimi natumia mitano kwa sababu mradi mkubwa wa madini au mafuta kuujenga unachukua kama miaka hiyo. Chora tena grafu, safari hii laini zimetulia na mwelekeo unaonekana.

Kiwango cha ukuaji kwa mwaka usikipende sana. Ukianzia 2013 Tanzania imeanguka, maana kutoka kama bilioni 2 ilishuka mpaka chini ya bilioni 1 miaka michache baadaye. Ukianzia pale chini Tanzania imepaa. Data zilezile, nchi ileile, hadithi mbili kinyume, na wanasiasa wanajua sana kuchagua mwaka wa kuanzia. Ukilazimika kutoa ukuaji linganisha wastani wa miaka mitano na wastani wa miaka mitano mingine, na onyesha miaka yako. Tena fomula za ukuaji wa pamoja zinavunjika kabisa kukiwa na mwaka hasi.

Weka pia kolamu ya jumla inayolimbikizwa, ukijumlisha kuanzia 1990 mpaka mwisho, utaona nani amepokea zaidi kwa miaka yote. Hiyo usiiite mtaji uliopo nchini, huo una jedwali lake. Inayoingia kwa mwaka ni maji ya bombani, mtaji uliopo ni maji yaliyomo kwenye simtanki, na simtanki linaweza kupungua kwa sababu shilingi imeshuka au kampuni imepata hasara, hata kama bomba linamwaga.

Baada ya hapo, andika majina ya miradi juu ya milima ya grafu. Usipofanya hivyo una michoro tu. Upande wa Tanzania: migodi ya dhahabu ya Geita na Bulyanhulu ilianza uzalishaji 2000 na 2001, halafu kuanzia 2010 ugunduzi wa gesi baharini kule kusini, ndio unaobeba kile kilele cha 2013. Bonde linalofuata lina bei za mafuta na gesi kuanguka 2014, lina mabadiliko ya sheria za madini 2017 na mgogoro na kampuni ya dhahabu ya Acacia uliokwisha kwa mama yake, Barrick, kuichukua yote 2019 na kuundwa kampuni ya ubia ya Twiga ambayo serikali ina asilimia 16. Upande wa Uganda: mafuta yalithibitishwa 2006, yakakaa miaka mingi kwenye mazungumzo, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukatoka Februari 2022, na palepale laini yao ikapanda.

Na hapa kwenye Uganda kuwa makini, kwa sababu kuna mauzo ya visima ambayo yanapumbaza. Heritage alimuuzia Tullow, zote kampuni za mafuta za nje, 2010 kwa dola bilioni 1.45. Tullow akawauzia Total wa Ufaransa na CNOOC wa China sehemu 2012 kwa bilioni 2.9, halafu 2020 akatoka kabisa kwa kumuuzia Total kwa milioni 575. Ukijumlisha hizo unapata karibu bilioni 5 ambazo mtu asiyejua ataandika zimeingia Uganda. Ni wageni wanauziana wao kwa wao, kilichobaki Kampala hapo ni kodi, na hata kodi yenyewe iligombaniwa miaka.

Sasa turudi Chongoleani, bomba la EACOP, maana ndilo linalogombanisha watu. Wenye hisa ni TotalEnergies (ndiyo ile Total) asilimia 62, UNOC ambayo ni kampuni ya mafuta ya serikali ya Uganda 15, TPDC ambalo ni shirika letu la mafuta 15, CNOOC 8. Kwa hiyo sio mtaji wote ni wa mgeni. Pili, sehemu ya gharama ni mikopo ya mabenki, Machi 2025 kampuni ilitangaza awamu ya kwanza kutoka benki zikiwemo Afreximbank na Standard Bank, na mkopo wa benki isiyo ndugu wa kampuni hauingii kwenye FDI. Tatu, mtaji mwingine haufiki kama hela, unafika kama vyuma, yale mabomba yaliyopelekwa kiwanda cha Sojo kule Nzega kupakwa kinga ya joto yanaweza kuwa FDI na bidhaa iliyoagizwa nje kwa wakati mmoja, hela haikugusa benki yoyote ya Tanzania. Nne, kampuni yenyewe ya EACOP imesajiliwa Uingereza, na ile ya TotalEnergies inayochimba Uganda ni ya Uholanzi kwenye karatasi, kwa hiyo ukienda kwenye majedwali ya nchi mtaji ulikotoka utakuta Uholanzi na Uingereza ziko juu na Ufaransa huioni inavyostahili. Mauritius nayo hivyohivyo upande wetu, sio kwamba kisiwa kile kina matajiri kiasi hicho.

Anayesema bomba karibu lote liko Tanzania kwa hiyo FDI yake yote ni yetu anapima kwa futi kamba. Visima viko Uganda, na visima navyo vinakula mtaji mkubwa kabla mafuta hayajafika hata mpakani. Ndiyo maana unaweza kuona bomba linapita nyuma ya nyumba yako Muheza na bado namba kubwa ikaandikwa Kampala.

Kuandika ulichokipata

Usiandike Uganda inaipita Tanzania. Andika sentensi yenye chanzo, kipimo, miaka na sababu, kwa mfano: "Kwa takwimu za UNCTAD, kwa wastani wa miaka mitano na kwa asilimia ya pato la taifa, Tanzania ilikuwa juu mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa sababu ya utafutaji wa gesi, na Uganda imekuwa juu miaka ya karibuni, hasa kwa sababu ya ujenzi wa miradi ya mafuta." Kama matokeo yako yanabadilika ukitumia kipimo kingine, sema yanabadilika na weka grafu zote mbili, msomaji sio mtoto.

Na usivuke kwenda kusema FDI imeleta ajira au imeondoa umaskini kwa kuangalia laini mbili zinapanda pamoja. Mradi wa mafuta unaweza kuingiza mabilioni ukaajiri watu wachache kuliko shamba la mkonge. Hiyo ni kazi nyingine na data nyingine.

Kwenye grafu ya mwisho laini zisizidi mbili, mhimili wa wima uanzie sifuri (au chini ya sifuri kama kuna mwaka hasi), miaka yote ionekane hata ile inayokuharibia hoja, na chini kabisa kwa maandishi madogo jina la chanzo na tarehe uliyodaunilodi. UNCTAD wakitoa ripoti mpya mwezi wa sita, daunilodi jedwali zima upya kuanzia 1990, usiongeze mstari wa mwaka mmoja chini ya zile za zamani, halafu linganisha na faili lako la mwaka uliopita uone ni miaka gani wameirekebisha.